Posa Iliyokwenda kwa Baba Mdogo

Siku ile stendi ya Mombo ilijaa mpaka pa kuweka mguu pakawa pa kutafuta. Malori ya kabichi na karoti yalikuwa yameshuka kutoka milimani tangu alfajiri, na matenga yalipangwa hadi mlangoni pa hoteli ya chai, hata mwenye kutaka kuingia ilimbidi apandishe gauni lake avuke. Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka 1966. Efrazia binti Tobia alikaa juu ya sanduku lake la bati, magoti pamoja, viatu vyake vya turubai amevipaka chaki vikawa vyeupe, akingoja basi la Dar es Salaam. Alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa anakwenda kusomea sheria.

Jua la Mombo si jua la kwao. Asubuhi ile aliacha ukungu umekaa juu ya migomba ya Lukozi, na mama yake amejitanda shuka mbili. Kwa hiyo alikuwa bado amevaa sweta la sufu la kijani, vifungo vyote mpaka shingoni, na jasho lilimtiririka nyuma ya masikio.

"Dada," ikasema sauti pembeni, "wewe umeshafika Mombo, lakini sweta bado liko milimani."

Akageuka. Alimwona kijana mrefu, mwembamba, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama kama ubao, soksi ndefu mpaka magotini, na begani amebeba mzingo wa waya wa simu.

"Limekukosea nini sweta langu?"

"Halijanikosea. Naliona linavyoteseka tu."

Efrazia hakutaka kucheka mbele ya watu wasiomjua, lakini akacheka. Kijana akashusha waya wake, akajitambulisha. Aliitwa Hezekia, mtoto wa wakulima wa chai wa Mponde, na alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya posta. Anapanda Lushoto kuanza kazi ya kuunganisha simu. Yeye anapanda, Efrazia anashuka.

"Ukifika chuoni," akasema, "piga simu Lushoto. Atakayeitika ni mimi."

"Nimpigie nani? Kwetu hakuna simu."

"Ndiyo maana nakuambia, atakayeitika ni mimi."

Basi la Dar likapiga honi. Efrazia alipokwisha kukaa dirishani akafungua vifungo, akavua sweta, akalikunja juu ya mapaja. Kijana alikuwa bado amesimama kati ya matenga, akapiga makofi mawili kimya kimya, kama mtu aliyeshinda.

Chuo chenyewe watu walikiita Mlimani. Efrazia alipokiona kile kilima akajiuliza waliokiita hivyo walizaliwa wapi. Darasani wasichana walikuwa wawili tu. Mwenzake alikuwa wa pwani na alikuwa na ndugu wa kumtembelea kila Jumapili. Efrazia hakuwa na mtu. Alisoma kesi za Waingereza waliogombania mbuga na farasi, joto limemlaza, na jioni alipita kwenye miembe ya chuo akitamani moshi wa kuni za mkaratusi na bakuli la maziwa mgando.

Chini ya ngazi za bweni palikuwa na simu moja. Siku za Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla wenye shughuli zao hawajaamka, ilikuwa inalia. Sheria za posta hazikumruhusu Hezekia kujipigia, lakini zilimruhusu kupima laini.

"Haloo, Lushoto inapima laini. Unanisikia, Lukozi?"

"Nakusikia, Mponde."

"Unasikia vizuri au unasikia kwa mbali?"

"Kwa mbali. Sema tena."

"Nimesema jana imenyesha mvua ya mawe, kabichi zote zimetoboka. Na nimesema nimekukumbuka."

"La kwanza nimelisikia. La pili laini mbovu."

"Basi nitalipima tena Jumanne."

Hivyo ndivyo walivyopendana, dakika tatu tatu, miaka mitatu. Wakati wa likizo walikaa kwenye ngazi za nyuma za posta, wakala plamsi, wakatema kokwa. Hezekia alikuwa na mzaha wa kumwita mama sheria, na Efrazia alikuwa anamrekebisha kola.

Alipomaliza masomo aliajiriwa kuwa wakili wa serikali. Alipewa ofisi yenye feni, joho jeusi, na karani wa kumpigia chapa. Lakini jambo lililomkaa moyoni lilikuwa la Jumamosi. Walimu wachache na wanafunzi wa sheria walikuwa wanakaa kwenye darasa la shule ya msingi kuwasikiliza watu wasio na uwezo, na yeye aliendelea kwenda hata baada ya kuajiriwa. Wengi waliokuja walikuwa wajane. Walileta karatasi zao ndani ya mifuko ya sukari, wakazitandaza juu ya dawati la mtoto, wakamtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Baba yake alifariki mwaka 1969. Mwaka uliofuata mama yake, Klara, akamwandikia barua kwa mkono wa katekista. Kristofa, mdogo wa marehemu, amelichukua shamba la bondeni. Anasema nyumba ya mjane mwenye mtoto wa kike mmoja si nyumba, bali iko chini yake. Shamba lile Klara aliolewa nalo. Baba mkwe wake alimgawia mbele ya watu, likiwa bado matete matupu, na ni yeye na mumewe waliochimba mifereji.

Efrazia aliisoma barua mara nne. Kisha akaenda kwa mkuu wake.

"Unataka kurudi Lushoto ukafanye nini?" mkuu akauliza.

"Kile ninachofanya Jumamosi. Siku zote."

"Utaozea kule, binti."

"Kule ni baridi, mzee. Vitu haviozi upesi."

Halmashauri ya wilaya ilikubali kumpa chumba, meza na mshahara mdogo. Alipompa Hezekia habari kwenye simu kwamba anarudi, Hezekia alisema laini mbovu, arudie. Habari za shamba hakuzisema. Waya ule unapita Tanga na Korogwe, na kila kituo kina masikio. Aibu ya nyumba yao haikuwa ya kutembezwa kwenye waya.

Alirudi mwanzoni mwa mwaka 1971. Chumba chake kilitazamana na posta, barabara tu katikati. Aliweka benchi nje, na siku za soko benchi lilijaa wanawake wenye matope miguuni, mmoja ananyonyesha, mwingine anamenya njegere asije akapoteza siku. Efrazia aliwahudumia kwa Kiswahili, na pale penye uchungu wakahamia Kishambaa wenyewe.

Lakini palikuwa na jambo ambalo chuoni hakulifikiri sana. Kesi za mashamba ya watu kama hawa husikilizwa mahakama ya mwanzo, na mahakama ya mwanzo wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Miaka yote ya masomo, na akifika pale anatakiwa akae kimya kama mpita njia. Kwa hiyo akawa anawafundisha wajisemee. Aliwasimamisha ukutani mmoja mmoja. "Mwajuma, usitazame chini. Hakimu hayuko sakafuni." Mama yake alimfundisha wiki tatu, jikoni Lukozi, huku wanapukuchua mahindi.

"Nani alikupa shamba?"

"Mkwe wangu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wa kaya nzima. Wewe nawe, Efrazia, swali moja unaliuliza mara ngapi?"

"Mpaka ulijibu bila kunikasirikia, mama."

Siku ya kesi Efrazia alikaa benchi la nyuma, gauni la kijivu, kitambaa cheupe kichwani. Mama yake alisimama mbele ya hakimu na wazee wawili wa mahakama, kitenge chake cha Krismasi kimekaza kiunoni, akasema vizuri, moja baada ya lingine. Hakimu akawa anaandika, anaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka Kristofa. Alivaa koti lake jeusi, kofia ameishika kifuani, na kwapani ana kifurushi.

"Mheshimiwa, shemeji yangu amesema ana nyumba yake mwenyewe. Mimi nina swali dogo tu. Binti wa nyumba akiposwa, posa inapelekwa kwa nani?"

"Kwa mkuu wa nyumba," akajibu mzee mmoja wa mahakama, hata hakimu hajainua kalamu.

Kristofa akafungua kifurushi. Akaweka juu ya meza jembe jipya ambalo halijagusa udongo, na blanketi la rangi ya damu ya mzee, karatasi ya dukani bado imebandikwa.

"Hii ni posa ya binti ya shemeji. Wakili mwenyewe, yule pale nyuma. Mposaji ni Hezekia wa posta, alimtuma mshenga, Mzee Rajabu. Hakwenda kwa shemeji, alikuja kwangu. Na huyu mposaji ni mtu aliyesoma. Kama yeye anajua mkuu wa nyumba ni nani, sisi tunabishana nini?"

Klara akageuka. Swali hilo hawakulifanyia mazoezi. Alimtazama mwanawe, midomo imefunguka kidogo, na Efrazia akajua jibu, alikuwa nalo lote kwenye ulimi. Alibana mikono kati ya magoti. Shauri likaahirishwa wiki tatu.

Alivuka barabara moja kwa moja mpaka ngazi za nyuma za posta.

"Hezekia, ulituma posa?"

Uso wa Hezekia ukachanua. "Wamekwambia hatimaye. Miezi miwili nangoja jibu, mpaka nikasema labda watu wa Lukozi wanajibu kwa mwaka."

"Ulituma kwa nani?"

"Kwa baba yako mdogo. Nilituma ulipokuwa bado Dar, ukifika ukute mambo tayari. Baba hayupo, ningetuma kwa nani tena? Nimpeleke Mzee Rajabu akapige hodi kwa mjane? Wangesema huyu wa Mponde hakufunzwa kwao."

"Blanketi lako liko juu ya meza ya hakimu."

Akamweleza, wima, bila kupumzika. Hezekia alikaa chini kwenye ngazi.

"Mbona hukuniambia kuna kesi?"

"Ningekuambia kwenye waya unaopita Korogwe na Tanga?"

"Umerudi huu mwezi wa pili. Kila jioni tunakunywa chai hapa. Hapa kuna waya gani?"

"Shauri la mteja halitoki mezani."

"Na mimi niko nje ya meza."

"Wewe," Efrazia akasema, "ndiye uliyempa baba mdogo shamba la mama yangu." Alijua neno lile lina makali kuliko haki, lakini lilikwisha kutoka. Akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Jioni aliwasha jiko la mafuta ya taa, akachemsha chai ya kikombe kimoja, na mkono kwa mazoea ukawa unateremsha viwili. Mvua za masika zilianza na barabara ikawa ya kuvukwa kwa mbao. Ofisini kwake simu ililia kila siku saa nne, na karani wa chumba cha pili ndiye aliyeipokea.

"Dada Efrazia, ni posta."

"Mwambie nimetoka."

Karani akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja. "Anasema anakuona dirishani."

"Mwambie nimetoka hivyo hivyo."

Wiki ya pili, siku ya soko, alifungua mlango kumwita anayefuata. Aliyesimama alikuwa Hezekia. Alikuwa amekaa kwenye benchi kati ya Mwajuma na bibi mmoja wa Mlalo, tangu asubuhi, kwa zamu yake. Mwajuma alikuwa amempa njegere amenye.

"Nina shauri," akasema.

"Kaa."

Akakaa, kofia ya posta juu ya goti. "Kuna mtu alipeleka posa mahali ambapo si pake. Hakujua. Sasa posa yake inatumika kumdhulumu mjane. Sheria inasemaje?"

Efrazia alichukua kalamu, ingawa hakuwa na la kuandika. "Mtu huyo anaweza kurudi kwa aliyepokea, mbele ya mashahidi, akasema alikosea, akaichukua. Kisha aende mahakamani aseme hivyo kwa kiapo. Hapo hoja inakufa."

"Na akishaichukua, watu watasemaje?"

"Watasema binti amekataliwa."

"Lukozi nzima."

"Lukozi nzima. Na Lushoto."

"Binti mwenyewe ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mitano. Unaijua."

"Mteja anauliza."

Mvua ilipiga bati. Efrazia akasema polepole, "Binti anasema aichukue."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijui, Hezekia. Sheria inaishia hapo."

Siku ya kesi mahakama ilijaa, maana habari ilikuwa imeshapanda mpaka Lukozi. Hezekia alishika Biblia, akaeleza kwamba alituma posa bila kuuliza, kwamba nyumba anayotoka binti ni ya Klara, na kwamba juzi amechukua vitu vyake mbele ya Mzee Rajabu na majirani wawili. Mzee Rajabu, kofia yake ya kushonwa kwa mkono imekaa upande, akathibitisha kwa unyonge, akaongeza kwamba katika maisha yake ya kuposea watu hajawahi kurudisha jembe, na hatarudia.

Kristofa akasimama. "Kwa hiyo, kijana, mbele ya watu wote hawa, umemkataa binti yetu?"

Vicheko vikapita nyuma. Hezekia akatazama alipokaa Efrazia. Akisema hapana, posa bado iko kwa Kristofa. Efrazia aliliona hilo, na aliona kwamba Hezekia naye ameliona.

"Jibu, shahidi," hakimu akasema.

"Kwa mtu huyu," Hezekia akasema, "mimi sina binti ninayemtaka."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja mbele ya Efrazia akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, na usomi wote ule." Efrazia alitazama mbele, mgongo umenyooka, akahesabu mbao za dari mpaka hakimu alipoanza kusoma. Shamba la bondeni ni la nyumba ya Klara. Mama yake hakupiga vigelegele. Alifungua kitenge, akakifunga upya.

Baada ya hapo Hezekia hakuonekana dirishani. Efrazia aliambiwa na karani kwamba ameomba uhamisho, anakwenda Mtwara. Amesema akiwa mbali, watu watapata kingine cha kusema.

Jumamosi moja, mwezi wa Mei, Efrazia na mama yake walikuwa bondeni wanapanda miche ya kabichi, mguu peku, udongo mweusi mpaka vifundoni. Hezekia akaja kwenye njia ya mfereji, suruali ndefu, viatu vya kazini vinang'aa juu, chini matope, mkoba mkononi.

"Onga mshi, mama. Shikamoo."

"Ni vedi. Marahaba." Klara hakuinuka. "Unakwenda wapi na viatu hivyo?"

"Mtwara, mama. Basi la saa nane, pale Lukozi. Nimepita kuaga."

"Kuaga." Klara akabana udongo kwenye mche. "Kutoka Lushoto mpaka hapa ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu? Na matope haya? Sijaona mtu anayekuja bondeni kuaga. Sema ulichokujia, mgosi, miche inanyauka."

Hezekia akautua mkoba juu ya jiwe. "Sina mshenga. Mzee Rajabu amekataa. Sina jembe, nilimpa baba yangu. Nimekuja kwako mwenyewe, mama, kumwomba Efrazia."

Klara alikaa juu ya visigino vyake. Tangu azaliwe hajaona mwanamke akiulizwa jambo hili peke yake, bila kaka, bila shemeji, na Efrazia aliona anavyolitafuta la kusema, na halikuwa miongoni mwa yale waliyoyafanyia mazoezi jikoni.

"Mimi kwangu ndiyo," mama akasema. "Lakini mwenye mdomo yuko pale. Mwulize."

Efrazia alisimama na mche mkononi. Alikuwa na majibu ya watu wote wa benchi lile. La kwake lilichelewa.

"Mtwara siji kukaa," akasema. "Nina wanawake kumi na wanne."

"Nawajua. Nimekaa nao."

"Na wewe huwezi kuacha kazi."

"Mwaka huu siwezi. Mwaka ujao pia sidhani. Wameshaniandikia."

"Basi tutakuwa watu wa namna gani? Mume Mtwara, mke Lushoto."

"Watu tuliokuwa namna hiyo tangu Mombo," Hezekia akasema. "Mimi sijui namna nyingine ya kukupenda, Efra. Ungekuwa karibu kila siku labda ningechanganyikiwa."

Mama akacheka chini chini. Efrazia hakucheka. Alimtazama kola, imepinda, akataka kumrekebisha, mikono ina udongo. "Neno lile la ngazini," akasema, "nilikuonea."

"Ulinionea kidogo. Na mimi nilitakiwa niulize."

"Uje Desemba. Tuoane Desemba."

Hezekia akavua viatu. Akavua na soksi, akazikunja ndani ya viatu, akapindua suruali, akaingia kwenye tuta. Walipanda watatu, hawasemi mengi. Alikuwa anapanda vibaya, kama mtu wa chai, na Klara alikuwa anapita nyuma yake anaisimamisha miche. Jua lilipokaribia utosini akanawa miguu mferejini, akavaa viatu juu ya unyevu, akachukua mkoba. Efrazia alimsindikiza mpaka kwenye daraja la magogo, akabaki pale mpaka suruali nyeusi ikapotea kwenye mikaratusi. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka Magamba, ukafunika kwanza njia, kisha daraja.

Aliporudi mama yake alikuwa amebakiza mistari miwili.

"Amesema Desemba kweli?"

"Desemba."

"Na wewe utakwenda kwake lini?"

Efrazia akapiga magoti, akachimba shimo kwa vidole. "Kesi ya Mwajuma ikiisha."

Mama akampitishia mche. Hakuuliza baada ya Mwajuma ni nani.